Mlipuko ukiingia nyumba ya wazee, funguo za geti ashike nani?

#1 SistaMpakani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna akina mama wa kikundi kimoja hapa Busia wana kiwanja na nyumba iliyofika kwenye lenta, wanataka iwe nyumba ya kulea wazee wasio na watu. Wamenijia kwa kuwa mimi ni nesi na kipindi chote cha korona nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo upande wa Kampala. Wanataka niwaandikie majukumu ya nesi mkuu. Wao walikuwa wameshaandika sentensi moja: "Atasimamia usafi, dawa na manesi wenzake." Basi.

Nikawauliza, siku Wizara ya Afya ikitangaza mlipuko, nani anaamua geti lifungwe? Wakasema mwenyekiti. Mzee akitoka hospitali, nani anaamua apokelewe leo au asubiri? Mwenyekiti. Barakoa zikiisha usiku, pesa inatoka wapi? Kwa mweka hazina, akipatikana kwenye simu. Sasa huyo nesi mkuu anaongoza nini?

Hoja yangu ni hii, na nataka mnipinge. Mlipuko ukija, nyumba ya wazee inaokolewa na nesi mmoja aliyepewa ruhusa kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe, aamue mambo machache bila kumpigia mtu simu: nani anaingia, nani analala ndani, na pesa ya dharura inaenda wapi. Semina na mabango ya kunawa mikono ni vizuri viwepo, lakini sijawahi kuona bango likipanga zamu.

Machi 2020 mnaikumbuka. Tarehe 25 usafiri wa umma ukapigwa marufuku, taxi na boda zisibebe abiria. Siku chache baadaye magari ya watu binafsi nayo yakasimamishwa, ikaja kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi zamu ya usiku ilikuwa inaingia saa mbili usiku. Anayeingia anapitaje barabarani? Anayetoka analala wapi?

Inchaji wetu, yaani nesi mkuu, alikuwa mama mmoja mfupi, hapazi sauti. Hakungoja kikao. Jioni ile ile aling'oa kalenda ukutani, akaigeuza, akachora nyuma yake ratiba mpya: kundi moja linalala ndani wiki mbili, jingine linabaki nyumbani, kisha wanabadilishana. Stoo ikaondolewa magunia ya unga, yakaingia magodoro. Aliwaita watu mmoja mmoja pembeni, akawauliza nani ananyonyesha, nani ana mgonjwa nyumbani, nani mume wake hatakubali. Hao hakuwalaza. Kamati ilipopiga simu asubuhi kuuliza chakula cha wafanyakazi atalipa nani, watu walikuwa wameshaamka na wazee wameshaogeshwa. Alilipwa nini? Barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alifanya matumizi bila idhini.

Na suala la kulala ndani halikuwa la kafyu tu. Nyumba moja ya wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani, virusi viliingia Februari 2020 kabla watu hawajajua vipo. Wachunguzi walipofuatilia jinsi vilivyofika nyumba nyingine za jirani, walitaja wahudumu waliokuwa wakifanya kazi sehemu zaidi ya moja, na wengine wakija kazini wakiwa wagonjwa. Nani hapa haujui mchezo huo? Nesi wetu asubuhi yuko kituo cha serikali, jioni yuko kliniki ya mtu, wikiendi yuko nyumbani kwa mgonjwa. Ada za shule hazisubiri. Kanada, kwenye jimbo la British Columbia, serikali ilipoagiza kila mhudumu abaki nyumba moja, iliwaongezea na mishahara ili asipoteze mtu. Hiyo nusu ya pili ndiyo wenye nyumba hupenda kuisahau.

Haya, niandike nini kwenye hayo majukumu?

#2 MtuWaBombo

Navuta kiti. Lakini dada, kwa heshima, nyumba za wazee Uganda ziko ngapi mpaka tuzitungie sheria? Hapa Bombo mzee anakaa na wajukuu mpaka Mungu amchukue. Mambo ya kumpeleka mzazi kwenye nyumba ni ya Wazungu.

#3 SistaMpakani

Ni chache, sikatai. Ila ile ya Nalukolongo pale Kampala imeanza zamani, Kardinali Emmanuel Nsubuga ndiye mwanzilishi, na Papa Francis alipokuja Uganda alifika pale tarehe 28 Novemba 2015. Sijasikia mtu akiiita ya Wazungu. Wajukuu unaowasema wengine wako Dubai, wengine wako Kampala wanapanga chumba kimoja. Serikali inampa mwenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Nenda nayo sokoni uone kama utarudi na mlezi.

#4 FundiMaabara

Naunga mkono hoja kwa mguu mmoja. Mguu wa pili uko hapa: hata ukimpa nesi funguo zote, kama hajui anachokiangalia atafunga geti ugonjwa ukiwa ndani.

Kwa wazee dalili haziji kama zilivyo kwenye bango. Mzee wa miaka 82 anaweza kuwa na korona na asikohoe hata mara moja. Ataacha chai yake ya asubuhi. Atamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Ataanguka njiani kwenda chooni, mtu ambaye wiki nzima alikuwa anatembea vizuri. Anayepokea zamu ataandika "uzee", na siku tatu zimepita.

Homa vilevile. Wengi tumefundishwa kungoja 38. Mwili wa mzee hauchemki hivyo. Mwongozo unaotumika kwa wakazi wa nyumba za wazee unasema joto la mdomoni likizidi 37.8 mara moja, au likirudia kuzidi 37.2, au likipanda nyuzi 1.1 juu ya kawaida ya mtu huyo, lihesabiwe kuwa homa. Angalieni hayo maneno "kawaida ya mtu huyo". Utaijuaje kama hukuiandika alipokuwa mzima? Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nunueni daftari. Kila mzee ukurasa wake: joto lake la kawaida, oksijeni yake, anakula kiasi gani, anatembeaje, anaongeaje, analala upande gani.

Halafu majibu ya maabara. Mwanzoni mwa 2020 sampuli zilikuwa zinaenda UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, mtu anachukuliwa leo, majibu yanakuja baadaye. Nyumba moja huko huko Washington walipowapima wazee wote Machi 2020, zaidi ya nusu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili siku ile ya kupimwa. Inchaji anayesema "tungoje majibu kwanza" ameshachelewa. Atenge kwanza, majibu yatamkuta kazini.

#5 Kasuku256

Manesi wetu wakipewa funguo si ndio watatufungia nje mpaka Yesu arudi 😂😂 hata sasa wodini ukichelewa dakika mbili unafukuzwa

#6 MleziUghaibuni

Kasuku utani kando.

Naandika kutoka Uingereza. Ni mlezi kwenye nyumba ya wazee, kabla ya kuja huku nilikuwa Mbale. Nataka kuongezea kwenye swali la Sista kuhusu mzee anayetoka hospitali, maana huku ndiko tulikoungulia.

Machi 2020 hospitali zilikuwa zinatafuta vitanda. Kati ya tarehe 17 Machi na katikati ya Aprili wagonjwa wapatao 25,000 walitolewa hospitali wakapelekwa nyumba za wazee, bila sharti la kupimwa kwanza. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuangalia hatari ya mtu asiye na dalili. Sawa, mahakama imesema. Wazee walikuwa wameshazikwa.

Kwetu simu iliita usiku. Meneja wetu ni nesi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya dawa, nikasikia upande wake wa mazungumzo.

"Amepimwa?"

Wakajibu kitu.

"Sijauliza dalili. Nimeuliza kama amepimwa."

Kimya.

"Basi nipe mpaka kesho jioni nitoe mtu kwenye chumba chenye choo chake, nipange mhudumu mmoja wa kwake peke yake. Usiku huu simpokei."

Kesho yake wenye kampuni walimjia juu, kitanda kitupu hakiingizi pesa. Hakubadilika. Mzee yule alikuja baada ya siku mbili, akiwa na majibu. Sasa niambieni, kama ruhusa ya kukataa ingekuwa ofisini kwa mkurugenzi anayelala saa tatu usiku, ingekuwaje?

Kwa hiyo Sista, andika wazi: nesi mkuu ana haki ya kusema "si leo". Asilazimike kusema "hapana", aseme "si leo" na aeleze anahitaji nini ili iwe ndiyo. Hospitali inamwelewa mtu anayeongea hivyo.

#7 KijanaWaTororo

Mimi nitakuwa mkali, mnisamehe. Mnaongea juu ya funguo kana kwamba kufunga ni jambo jema tu.

Shangazi yangu alikuwa kwenye nyumba ya wazee, siitaji. Walifunga Machi 2020, tukaelewa, nchi nzima ilifungwa. Juni wamefunga. Septemba maduka yamefunguliwa, masoko yamejaa, wao bado wamefunga. Shangazi macho yalikuwa yamekwisha na simu alikuwa haisikii. Alikuwa anamjua mtu kwa kumshika mkono, anapapasa vidole, anakwambia wewe ni mtoto wa fulani. Mtu wa namna hiyo unampa salamu kupitia dirisha? Akaanza kukataa uji. Akawa anageukia ukutani. Walipotuita, walituita kuchukua mwili. Walimpima, korona hakuwa nayo.

Huyo nesi mwenye funguo aniandikie shangazi yangu aliuawa na nini.

#8 MtuWaBombo

Inna lillahi. Pole ndugu yangu.

#9 SistaMpakani

Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Kwangu mimi kisa chako ndicho kinachosema funguo zikae kwa nesi. Mwenyekiti aliye mjini hamwoni mzee aliyegeukia ukutani. Anayemwona ni yule anayebeba sahani iliyorudi imejaa. Ila umenionyesha kwamba ruhusa ya kufunga peke yake ni hatari. Lazima iandikwe pamoja na wajibu wa kufungua: anayefunga aandike tarehe ya kulipima upya jambo hilo, na tarehe hiyo ikifika aeleze familia kwa nini anaendelea au anaacha. Bila tarehe, kufunga kunageuka mazoea. Ni rahisi kwa wafanyakazi geti likiwa limefungwa, tusidanganyane. Hakuna ndugu wa kuuliza mbona shuka ni lile la juzi.

Na kuna namna za katikati. Uholanzi walipiga marufuku wageni, kisha tarehe 11 Mei 2020 wakajaribu kwenye nyumba 26 kumruhusu mgeni mmoja kwa kila mzee, yule yule kila mara, kwa masharti. Wiki za mwanzo walizofuatilia hakukuripotiwa maambukizi mapya kwenye nyumba hizo. Ufaransa, pale Corbas karibu na Lyon, wahudumu wa nyumba moja walijitolea kulala ndani na wazee wao 106 tangu tarehe 18 Machi mpaka 4 Mei 2020. Korona haikuingia. Wengi wanaposimulia kisa hicho husifia kujitolea kwa wahudumu. Mimi nasifia sababu yao: walilala ndani ili wazee wasifungiwe vyumbani, waendelee kutembea ukumbini na kula pamoja. Walijinyima wao wazee wakabaki huru.

Inchaji wetu alikuwa na benchi mbili chini ya mwembe, katikati kamba ya kuanikia nguo, umbali wa mita mbili au zaidi. Ndugu mmoja kwa kila jajja (ndivyo tulivyowaita wazee), jina lake limeandikwa getini. Kwa wale wasioona na wasiosikia, kama shangazi yako, alivunja umbali: ndugu ananawa mpaka viwiko, anavaa barakoa na aproni, anashika mkono, dakika kumi na tano, nje kwenye upepo. Kamati ikalalamika. Na anayekaribia kufa hakuwahi kunyimwa mtu wake. Hilo aliliandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa ofisi, hata mlinzi wa geti alilijua.

Jambo jingine aliloliwahi, na nadhani ndilo gumu kuliko yote: aliongea na kila familia mapema kuhusu hospitali. Juni 2021, wimbi la pili, oksijeni Kampala ilikuwa ya kugombaniwa na bili za hospitali binafsi zilikuwa zinauza watu mashamba. Jajja akizidiwa saa nane usiku, apelekwe au abaki? Huwezi kuanza kuuliza saa ile, watoto watano watakupa majibu matano. Yeye alikuwa ameshamuuliza jajja mwenyewe, kwa lugha yake, na ameandika jina la mtoto mmoja atakayesema kwa niaba ya wote. Baadhi ya wazee walisema wazi hawataki kufia kwenye koridoo ya mtu. Waliheshimiwa. Kubaki hakukuwa kuachwa: waligeuzwa kila baada ya saa mbili, midomo ililoweshwa, maumivu yalitulizwa, na mtu alikaa kando ya kitanda.

#10 KijanaWaTororo

Asante Sista. Hilo la kalamu nyekundu wangelifanya kwetu nisingekuwa hapa naandika kwa hasira.

#11 MwanaGulu

Mnaongea korona kana kwamba ndiyo iliyotufundisha. Sisi Gulu tulisomeshwa mapema. Ebola ya mwaka 2000 iliwashika watu 425, wakafa 224. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa mkuu wa tiba wa Hospitali ya Lacor, najua ni daktari na uzi unasema nesi, nivumilieni. Alikuwa Kampala masomoni, akaitwa kwa kuwa wanafunzi wa unesi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akakesha na mafaili ya wagonjwa, akatenga wodi kabla maabara haijathibitisha kitu. Ndiyo yale anayoyasema FundiMaabara.

Novemba manesi walikuwa wanakufa. Waliobaki wakakusanyika, wamechoka, wanataka yaishe. Hakuwatumia barua. Alikwenda akakaa nao, akawasikiliza, na wengi walirudi wodini. Watu walimfuata kwa sababu walikuwa wanamwona ndani ya wodi, amevaa aproni kama wao. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000 kwa ugonjwa ule ule.

Inchaji anayeongoza kwa WhatsApp kutoka nyumbani hasikilizwi. Hilo nalo liandikwe.

#12 FundiMaabara

Kweli, ila ndugu yangu, usiishie hapo. Kiongozi anayeingia wodini anaweza kuugua. Naibu wake ni nani? Januari 2025 Ebola ilipotangazwa Kampala, wa kwanza kuthibitishwa alikuwa nesi wa Hospitali ya Mulago, na alikuwa ameshafariki. Manesi ndio mlango wa mbele. Nyumba yenye nesi mmoja anayejua kila kitu kichwani ni nyumba isiyo na nesi siku akilazwa.

#13 SistaMpakani

FundiMaabara umegonga penyewe. Wetu aliugua Juni 2021. Naibu wake hakuwa amelala zamu moja naye hata siku moja tangu kafyu ianze, ndivyo alivyopanga kwa makusudi. Alichukua daftari, akaendelea. Namba ya anayejaza mitungi ya oksijeni, fundi wa jenereta, jajja gani anameza vidonge kwa uji tu, vyote vilikuwa humo.

#14 MtuWaBombo

Nimerudi. Nimeanza kushawishika, lakini kuna kitu hamsemi. Mnamtaka nesi alale ndani, aache kliniki yake ya jioni, ashike wagonjwa, akiugua je? Huku wengi wanakatwa mshahara wasipofika. Mtu wa hivyo atameza Panadol asubuhi ili joto lishuke getini, aingie kazini.

#15 MleziUghaibuni

Na wanafanya hivyo hata huku Ulaya kwenye mishahara mikubwa. Kipima joto cha getini kinamkamata asiyejua Panadol tu.

Inchaji mzuri anaifanya iwe rahisi kusema "leo najisikia vibaya". Meneja wetu alikuwa anasema asante, mbele ya watu, kwa kila aliyepiga simu kusema hawezi kuja. Na siku alizokosa zililipwa. Ukimwadhibu mmoja, kumi watanyamaza.

#16 BintiMutukula

Naomba kuuliza, samahani kama natoka nje ya mada. Mimi sina nyumba ya wazee, nina bibi, miaka 87, nalala naye chumba kimoja. Mlipuko ukija tena mimi ndiye inchaji, naibu na mlinzi wa geti. Nifanye nini?

#17 SistaMpakani

Hujatoka nje ya mada mwanangu, wazee wengi wa Uganda wako kwa watu kama wewe.

Chagueni mtu mmoja wa kumhudumia, na mwingine mmoja wa akiba ambaye hafiki karibu mpaka ahitajike. Wewe ukiwa wa kumhudumia, sokoni aende mwingine. Bibi awe na kikombe chake, sahani yake, beseni lake. Dirisha liwe wazi mchana kutwa, mfunike blanketi kama anasikia baridi. Kama mnalala chumba kimoja, lala kichwa kikiwa upande wa miguu yake, kitanda mbali iwezekanavyo. Maji ya kunywa usimuulize "utakunywa?", atasema hapana. Mshikishe kikombe mkononi, kidogo kidogo, kila unapopita.

Sasa hivi akiwa mzima, andika yale aliyosema FundiMaabara. Ukipata pesa nunua mashine ndogo ya kidoleni ya kupima oksijeni. Mkono uwe na joto na kucha isiwe na hina au rangi, vinginevyo inakudanganya. Akiwa ametulia ikisoma chini ya 94, piga simu kituo cha afya. Chini ya 90 ni dharura, usingoje asubuhi.

Jik: soma chupa. Ikiwa imeandikwa 3.5%, kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 34 vya maji kinatosha kwa kufutia meza, vitasa na kitanda. Palipomwagika damu, matapishi au choo, kikombe 1 kwa vikombe 6. Changanya kila siku upya, usichanganye na sabuni ya choo wala kitu kingine, na usimnyunyizie mtu mwilini. Niliona watu wakipuliziwa getini kama migomba, sijui nani alianzisha.

#18 BintiMutukula

Asante sana mama. Bibi ana hina vidole vyote kumi 😅 nitamwacha kimoja.

#19 Kasuku256

Na chanjo? Naona mnaizunguka

#20 FundiMaabara

Umeuliza la maana leo. Dozi za kwanza, 864,000 za AstraZeneca, zilifika Entebbe tarehe 5 Machi 2021, sindano zikaanza tarehe 10, wahudumu wa afya wakiwa mbele. Wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa kwenye orodha ya kutangulizwa. Lakini orodha haimbebi mzee asiyetembea mpaka kituoni. Pale nilipokuwa, nyumba ambazo inchaji wake alipiga simu wilayani kila asubuhi mpaka wakachoka naye ndizo zilizofuatwa na timu.

Angalieni Hong Kong. Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa 2003 kila nyumba ya wazee ililazimika kuwa na mtu wa kusimamia udhibiti wa maambukizi, na 2020 ilianza vizuri. Mwanzoni mwa 2022 wimbi la korona ya aina ya Omicron likakuta wazee wengi wa nyumba hizo hawajachanjwa, familia zilikuwa na hofu, na vifo vikawa vingi mno. Barakoa, kutenga, vyote walikuwa navyo. Kilichobaki nyuma ni mazungumzo na familia.

#21 SistaMpakani

Haya, nimekaa na mwenyekiti jana, tumeandika rasimu. Nawawekea kwa ufupi.

Nesi mkuu anafunga na kufungua geti wakati wa mlipuko, na kila akifunga anaandika tarehe ya kuangalia upya, isizidi wiki mbili. Anayekaribia kufa hanyimwi ndugu. Ana haki ya kusema "si leo" kwa mzee anayetoka hospitali na kutaja anachohitaji. Anapanga nani alale ndani, kwa hiari, na anayelala ndani analipwa posho na chakula. Anayeugua hakatwi mshahara. Naibu apatikane kabla ya nyumba kufunguliwa, na asipangwe zamu moja na mkuu wake mlipuko ukianza. Daftari la kila mzee, pamoja na matakwa yake kuhusu hospitali, lijazwe wiki ya kwanza ya kuingia.

Mwenyekiti amekubali la geti kwa shida. La shangazi wa Tororo nilimsomea kama lilivyoandikwa, kaka natumaini hukukasirika. Baada ya hapo hakubisha. La mshahara wa mgonjwa amekubali. La pesa ya dharura ndiyo amekaza: anataka sahihi mbili hata kwa katoni ya glavu.

#22 MtuWaBombo

Mwekeeni kikomo. Chini ya kiasi fulani nesi anatumia peke yake na kuleta risiti, juu ya hapo sahihi mbili. Mwenyekiti anataka kuona hesabu tu, hana ubaya.

#23 KijanaWaTororo

Sijakasirika Sista. Msomee na mweka hazina.

#24 SistaMpakani

Kikomo ni wazo zuri, nitalipeleka Jumamosi. Nahitaji bei za kweli ili nitaje kiasi chenye maana: glavu, barakoa, aproni, Jik, mashine za kidoleni tatu, chakula cha wahudumu sita kwa wiki mbili. FundiMaabara, si uko Busia wiki hii?

#25 FundiMaabara

Nipo mpaka Jumatatu. Kikao saa ngapi?

#26 SistaMpakani

Saa nne asubuhi. Bei uzichukue duka la jumla, za rejareja mwenyekiti atazikataa mara moja.